Helikopta Yenye Mkia ya Fundi Vendel

Saa mbili kasorobo asubuhi ya Jumamosi, gari la Réka limekwisha toka getini na linasubiri barabarani, injini inanguruma. Buti limefungwa kwa kamba kwa kuwa godoro limekataa kuingia lote. Kwenye kiti cha mbele ameketi baba yake, Hajdú Ágoston, rubani mstaafu wa miaka themanini na mmoja. Mkanda kafunga, kofia kavaa, na mapajani kapakata rimoti yenye vijiti viwili. Kijiji kizima kinamwita Guszti. Leo anahamia mji wa Graz, Austria, kwa binti yake. Nyumba imeshauzwa, hakuna cha kurudia.

"Baba, ni mwendo wa saa saba," anasema Réka.

"Basi saa ya nane haitatuua. Pita kwa fundi."

Fundi yuko nyumba ya tatu, mlango wa gereji wazi. Csorba Vendel, miaka sabini, amepiga goti mbele ya helikopta yenye urefu wa mkono wa mtu mzima. Anazigusa skrubu kwa bisibisi moja baada ya nyingine, kama daktari anayebonyeza tumbo la mgonjwa. Hakazi. Anauliza tu kama zipo.

Mkewe, Etelka, amesimama nyuma yake na bakuli la vimkate vya jibini vilivyofunikwa kitambaa.

"Mzee, gari hilo limefika. Utazihesabu mpaka lini?"

"Mpaka ziishe."

"Alhamisi pia ulizihesabu."

Vendel anahamia skrubu inayofuata. Alhamisi ni siku asiyotaka kutajiwa.

Riziki yake ni mashine za kukatia majani na pampu za kunyunyizia mizabibu. Zikiharibika huku chini ya vilima vya Tokaj, zinaishia gerejini kwake. Pensheni ni forinti laki moja na elfu themanini kwa mwezi, na msimu ukiwa mzuri gereji huongeza kama elfu hamsini. "Inatosha kama hupendi vitu," anasema. "Shida yangu, kimoja nilikipenda."

Kitu hicho kilifika Novemba ndani ya boksi. Hakikuwa helikopta bado. Yalikuwa mabomba, magurudumu ya meno, mikanda, vifuko vya skrubu vyenye namba, na kitabu cha maelezo cha Kichina na Kijerumani. Vendel hajui hata kimoja. Lugha ya mashine aliyosomeshwa ujanani ni Kirusi. Etelka, aliyewahi kushona makoti katika kiwanda kilichouza Austria, ana Kijerumani cha vifungo na mifuko, basi akawa mkalimani.

Gereji ina baridi kali majira yale, kwa hiyo helikopta iliundwa juu ya meza ya jikoni. "Miezi minne tumekula supu magotini," anasema Etelka. "Ukinyanyua kijiko unakuta skrubu. Nikamwambia, mzee, ama helikopta ama tambi, chagua. Akachagua, na hakuchagua tambi."

Ili kuelewa kwa nini mtu wa umri huo ageuze jiko kuwa karakana, inabidi kurudi nyuma.

Kuanzia 1974 hadi 1993, Guszti alirusha helikopta ya kunyunyizia mizabibu na Vendel akawa fundi wake. Mashine moja, watu wawili, miaka kumi na tisa. Saa kumi na moja alfajiri, kabla upepo haujaamka, walikuwa wamekwisha jaza pipa la dawa ya shaba, na mashine inashuka juu ya safu za mizabibu ikiacha wingu la bluu nyuma yake. Mwisho wa kila safu alisimama msichana na bendera nyeupe kumwonyesha rubani pa kupita. Mmoja wa wasichana hao alikuwa Etelka.

"Jioni nilikuwa bluu mpaka kwenye kope," anakumbuka. "Huyu akaja kunichumbia, mama yangu akauliza, mwanangu, huyo anakupenda wewe au anapenda ile rangi?"

Mashine yao ilikuwa na mapangaboi mawili makubwa, moja juu ya jingine, moja likizunguka huku na jingine kule. Nguvu zilijisawazisha zenyewe. Pangaboi dogo la mkiani, lile ambalo helikopta nyingi huwa nalo, yao haikuwa nalo kabisa.

"Tuliwacheka wenye mikia," anasema Vendel. "Tukiwaona tunasema, haya, ng'ombe wamekuja."

Kelele za injini zile zilimla masikio. Leo amevaa vifaa vya kusikilizia pande zote mbili. Lakini hata enzi zile kusikia hakukuwa na maana, maana chini ya mapangaboi hakuna anayesikia. Walizungumza kwa mikono. Kidole gumba, washa. Kiganja juu, paa. Na ishara kubwa kuliko zote ilikuwa mikono miwili kupishana kifuani: zima. Rubani hakuzima injini mpaka fundi amempa ishara hiyo, hata awe amechoka vipi.

Walikuwa na desturi nyingine pia. Mashine ikitoka matengenezo, safari ya kwanza fundi hupanda. Aliyekaza bolti akae juu yake. "Ukijua utapanda, hukazi kivivu," anasema Vendel.

Mambo yaliisha Mei 1993. Amri ikaja kwamba mashine zote zikabidhiwe kituo kikuu. Wiki hiyohiyo Guszti alikuwa hospitali, amepasuliwa kidole tumbo. Akaletwa rubani mwingine. Vendel akatia saini karatasi kwamba mashine ni nzima, akanyoosha kidole gumba, na ikaondoka juu ya kilima.

"Nilimpungia mkono mtu nisiyemjua hata jina," anasema. "Halafu Guszti akarudi, akakuta doa la mafuta kwenye majani. Hakunilaumu. Ningefurahi angenilaumu."

Guszti mwenyewe hulisema kwa kifupi: "Niliiwasha mara elfu kumi. Mara ya mwisho kuizima, sikuwapo."

Alilisema tena Oktoba iliyopita, ameketi kwenye ndoo gerejini, mkono umefungwa bandeji baada ya kuanguka kwenye ngazi ya dari. Binti yake alikuwa ameshaamua: baba haachwi peke yake kipupwe kingine. Vendel akafuta mikono kwa kitambaa, akamwambia, "Kapteni, utazima moja kabla hujaondoka." Kesho yake akaagiza boksi.

Vendel alijenga. Guszti alijifunza. Kurusha helikopta uliyokaa ndani yake ni jambo moja. Kuirusha umesimama chini ni jambo jingine, kwa sababu ikikugeuzia pua, kushoto kwake ni kulia kwako. Guszti alifanya mazoezi kwenye kompyuta ya Etelka, ndani ya mchezo wa kufundishia, rimoti imechomekwa kwa waya.

"Kufikia Pasaka nilikuwa nimekufa mara mia mbili na kumi na mbili," anasema. "Shemeji alikuwa ananizika kwa kahawa."

Alhamisi, siku mbili kabla ya safari, walipanda wote watatu hadi kwenye kiwanja cha zamani juu ya mizabibu, palepale penye doa la mafuta ambalo halionekani tena lakini Vendel hulionyesha kwa mguu. Kabla ya kuwasha, Guszti akauliza, "Nani anapanda?"

Vendel akacheka. "Kapteni, apande nani humo? Panya?"

"Nauliza tu."

Ikawashwa. Mapanga yakashika kasi, mashine ikanyanyuka kiasi cha kiganja, kisha ikaanza kujizungusha kama pia. Guszti alisukuma kijiti, nayo ikazidi. Ikapiga chini kwa ubavu. Mapanga yakavunjika, na bomba la mkia likakunjika kama mrija wa soda.

Guszti akavua kofia. "Fundi, mimi nimefanya nini?"

"Hujafanya kitu."

"Basi ni uzee wangu."

"Nimesema hujafanya kitu!"

Usiku ule Vendel hakula. Ijumaa asubuhi aliifumua mashine yote mezani. Mapanga ya akiba yalikuwemo ndani ya boksi. Bomba la mkia halikuwemo, na kuagiza jingine ni wiki mbili. Akatoka bustanini, akang'oa kipande cha bomba kilichokuwa kimeegemeza nyanya. Kilikuwa kipande cha bomba la kunyunyizia la mashine yao ya zamani, alichokiokota siku ile ya Mei. Alikisugua kwa msasa muda wa saa tatu mpaka kikaingia. Ndani bado kina bluu.

Lakini kwa nini ilizunguka? Alishuku betri, akashuku kifaa cha kusawazisha, akamshuku Mchina aliyeandika kitabu. Ni Etelka, aliyekuja kudai kona ya meza akate vitunguu, aliyeinama akatazama mkanda mwembamba unaopeleka nguvu mkiani.

"Huu mkanda umeupinda upande gani?"

"Robo, kama kwenye picha."

"Robo ya kulia au ya kushoto?"

Vendel akakivuta kitabu cha maelezo.

"Cherehani yangu ya miguu, mkanda ukiupishanisha, gurudumu linarudi nyuma na uzi unakatika. Sasa hili lako la mkiani si linazunguka kinyumenyume?"

Lilikuwa linazunguka kinyumenyume. Badala ya kuuzuia mwili usizunguke, lilikuwa linausukuma. Fundi mwingine angegundua kwa kutazama tu, lakini Vendel hajawahi kushika mkia maisha yake yote. Kurasa za mkia alizifunua harakaharaka, "kama mtu anayepita duka la viatu vya kike." Mikono yake ilijua kwamba helikopta ni mapangaboi mawili, na mengine ni mapambo.

"Miaka hamsini nawacheka ng'ombe," anasema. "Ng'ombe kanipiga teke."

Akaupinda mkanda upya. Kisha akafunga chini ya mashine vijiti viwili vilivyopishana, vyenye mipira ya ping-pong kwenye ncha, isipinduke tena.

Ndiyo maana Jumamosi hii anazigusa skrubu mara ya tatu. Zikikataa leo, hakuna kesho.

Gari linapanda njia ya vumbi katikati ya mizabibu, godoro likipunga nyuma. Juu, Réka anazima injini na kutazama saa. "Mjomba Vendel, dakika kumi. Nakuomba."

"Tano zinatosha. Betri yenyewe haina zaidi."

Guszti anasimama, miguu kaipanua, rimoti shingoni. Anamtazama fundi wake. "Nani anapanda?"

Safari hii Vendel hacheki. Anachomoa kifaa cha sikio la kulia, anachomoa cha kushoto, anavifunga kwa utepe wa gundi ndani ya pua ya mashine.

"We mzee!" Etelka anapiga kelele. "Vitu vya laki tatu hivyo! Ukivivunja nitazungumza na nani?"

Vendel hasikii. Hiyo ndiyo raha ya mpango wenyewe. Anarudi hatua kumi, ananyoosha kidole gumba.

Mapanga yanazunguka. Anainua kiganja.

Mashine inanyanyuka na kusimama hewani, usawa wa magoti, kisha usawa wa kiuno. Inatikisika, inatulia. Mkia hauendi popote. Guszti ameng'ata ulimi kama mtoto anayechora. Anaipeleka mbele hatua tatu, juu ya safu ya kwanza ya mizabibu, na majani yanalala chini ya upepo wake kama yalivyokuwa yakilala. Etelka, bila kujua anafanya nini, ameinua juu kitambaa cheupe cha kufunikia vimkate. Guszti anakiona, anaigeuza mashine na kuirudisha kwa kukifuata.

Inatua. Mapanga bado yanazunguka.

Guszti anangoja, kidole juu ya swichi, macho kwa fundi. Vendel amesimama, mikono imening'inia.

"Mpe ishara!" Etelka anasema. "Betri inakwisha!" Lakini anamwambia mtu ambaye masikio yake yamo ndani ya helikopta.

Inapita dakika nzima. Guszti ananyanyua kidevu kidogo, kama kusema, haya. Vendel anaipandisha mikono yake, anaipishanisha kifuani.

Guszti anazima.

Mapanga yanapunguza kasi mpaka yanaweza kuhesabika, mpaka yanasimama. Guszti anasema jambo. Vendel anatikisa kichwa kukubali. Mpaka leo Etelka hajamwambia lilikuwa neno gani, na Vendel hajauliza.

Walikula vimkate wakiwa wamesimama, wakanywa pálinka, pombe kali ya plamu, kikombe kimoja kwa zamu, isipokuwa dereva. Saa tatu na dakika kumi gari likashuka.

Réka alifika Graz jioni, godoro likiwa limelowa. Guszti anakaa ghorofa ya nne na anaitunza rimoti, ingawa haina cha kurusha. Etelka amerudishiwa meza yake. Kifaa cha sikio la kulia kiliingia vumbi na kinapiga mluzi. Kuna aliyekuja kutaka kuinunua helikopta, akaambiwa haiuzwi. Inaning'inia gerejini juu ya mashine za majani, mkia ukielekea mlangoni.

Vendel sasa anaunda nyingine, ya mapangaboi mawili, isiyo na mkia. Boksi lake hakulipata popote, kwa hiyo anaichonga mwenyewe. Anataka iwe tayari ifikapo Agosti, na amemwalika Guszti. Réka amesema wataona. Pangaboi la chini limekamilika.