Uzio wa Alumini kwa Mzee Chuma

Lori la uzio lilipofika, Mshonaji alikuwa na pini mdomoni na sketi ya shule chini ya cherehani. Alichungulia dirishani akaona paneli zikishushwa, zimezibwa juu mpaka chini, hazina hata upenyo wa kupitisha kidole. Alizitema pini, akatoka bila viatu.

"Rudisheni! Rudisheni hizo takataka kwenye lori!"

Kabla hujamwita mkorofi, sikia kwanza yaliyomfika. Miaka thelathini alishona sare za shule katika chumba cha mbele, wakati mumewe akichomelea mageti na madirisha kwenye karakana yake. Mtaa mzima ulimwita Mzee Chuma, na nusu ya mageti ya mtaa ule yalipita mikononi mwake. Kisha ukaja ugonjwa wa kusahau. Alianza kwa majina ya watoto, akaja kwenye siku za juma, mwisho akamsahau mkewe. Mikono yake tu ndiyo haikusahau kitu. Ukimfungia mlango, alilegeza bawaba kwa mpini wa kijiko, akauegemeza mlango ukutani kwa adabu, akaenda zake.

Mara tatu alipotea. Mara ya tatu alipatikana siku ya pili, kando ya barabara kuu, miguu imechanika, akiwauliza madereva wa malori kama wameiona karakana yake. Daktari hakumung'unya maneno: akipotea tena, huenda asirudi.

Ndipo Mshonaji alipoamua kuweka uzio, na akili yake ikafanya kazi. Chuma hakifai, maana mzee angekifungua huku anapiga mluzi. Lakini alumini aliidharau maisha yake yote. "Chuma cha masufuria," alikuwa akisema, na mteja aliyeitaka alionyeshwa njia. Hakuwahi kujifunza kuishika. Basi ikawa alumini.

Tena si alumini yoyote. Mzee akifungiwa pasipo kuona nje alipiga kelele, akazipiga kuta kwa ngumi mpaka vidole vikavuja damu. Akiona barabara alitulia kwenye kiti chake, akawapungia mkono wapita njia mpaka jua likazama. Kwa hiyo Mshonaji alikwenda duka la alumini mara tatu, akavua tepu ya kushonea shingoni, akapima mwenyewe: fito zisimame wima, mtu asipate pa kukanyaga apande, na kati ya fito na fito pawe na nafasi ya kuona nje vizuri. Aliandika kila kipimo kwa mkono wake.

Leo wamemletea ukuta.

Fundi wa alumini, mtu mzima mwenye masharubu, alijikuna kichwa. "Mama, shemeji yako alinipigia simu. Akasema mmebadilisha. Akasema yeye ndiye msemaji wa familia."

Na msemaji wa familia alikuwepo, ameegemea gari lake. Alikuwa mdogo wake Mzee Chuma. Kwa miaka miwili alikuja kumwona kaka yake mara tano, na mara zote tano macho yalikuwa kwenye saa.

"Shemeji, punguza sauti," alisema. "Watu wanatazama."

"Watazame! Si macho yao?"

"Hilo ndilo ninalosema. Wanamtazama kaka. Mtu aliyeheshimika hivi, leo amekaa hapo shati kinyume, anapungia kila gari. Tumsitiri, shemeji. Tumwekee heshima yake."

Mshonaji alimsogelea.

"Heshima? Heshima hiyo ilikuwa wapi siku alipookotwa na miguu ya damu? Nilikupigia, ukasema una kikao! Nani humwogesha? Nani humlisha? Shati lake nililikuta kinyume asubuhi, nikaliacha, maana alikuwa amelivaa mwenyewe na amefurahi. Aibu ni yako wewe, usimvike yeye. Hajaiba, hajaua. Unataka nimzike anapumua, ili wewe upite mtaani kifua mbele?"



"Na wewe fundi!" Mshonaji alimgeukia. "Nimekuja kwako mara tatu. Nimeandika kila kitu. Sauti moja ya mwanamume kwenye simu ikafuta yote?"

Fundi alizipakia tena paneli. Lori likageuzwa. Mchana lilirudi na uzio wenyewe, uliokuwa umeshatengenezwa kabla ya ile simu, fito wima, nyeupe, na Mshonaji alisimama pale kama askari mpaka parafujo ya mwisho ikaingia. Shemeji naye alibaki, sijui kwa aibu au kwa ukaidi.

Ndipo Mzee Chuma alipoinuka kitini. Alitembea polepole mpaka kwenye geti, akaigonga fito kwa kucha, akasonya. Alumini hakuijua, kweli. Lakini komeo ni komeo, na hilo Mshonaji hakuliwaza. Mzee alipenyeza mkono kati ya fito, akakunja kiganja, akalivuta komeo lililokuwa upande wa nje. Geti likafunguka.

 Lakini mzee hakutoka.

"Nani kafunga hili?"

Fundi wa alumini aliinua mkono.

"Unaharibu kazi, fundi. Mtu wa ndani anapitisha mkono hapa, anafungua. Weka bamba, ukubwa huu. Na komeo lishushe, mkono usilifikie." Alimwonyesha kwa kidole, sauti yake imetulia, sauti ya karakana. Kisha akamgeukia mkewe kwa heshima zote. "Mama, wewe ndiye mwenye nyumba? Unamfungia nani?"

Siku nzima Mshonaji alikuwa na jibu kwa kila mtu. Kwa huyu aliishusha sauti.

"Kuna mtu wangu," alisema. "Anapotea."

"Basi hapo hatoki. Mimi nakwambia."

Bamba likawekwa, komeo likashushwa, na fundi akalifunga geti kwa nje. Mzee alisimamia kila hatua, akakataa mara moja, akakubali mara ya pili. Alijaribu mwenyewe, mkono ukagonga bamba, akatikisa kichwa kwa kuridhika. Akajipangusa mikono kwenye suruali, akawaaga.

"Haya, mimi narudi karakana. Kazi zinaningoja."

Akavuta geti. Halikufunguka. Alipitisha mkono juu, ukagonga bamba. Akapitisha chini, haukufika. Akavuta kwa mikono miwili, uzio wote ukatetemeka.

"Nani mjinga kafunga hivi? Nani kanifungia mimi?"

Shemeji aligeuka, akajitia kutafuta funguo za gari. Fundi aliinama kukusanya bisibisi zake. Mshonaji alikwenda akasimama kati ya mumewe na geti.

"Ni mimi," alisema. "Mimi ndiye niliyekufungia. Nitukane mimi."

Mzee Chuma akamtukana, kwa sauti ambayo mtaa mzima uliisikia. Naye alisimama palepale, mgongo umeegemea fito, hakurudisha hata neno moja.