Printa ya Shangazi Pale Karatu

Asubuhi ya leo nimetoka bila mpango, rafiki yangu, kama nilivyozoea tangu nilipoiacha shule. Pale Karatu nimekuta lori tupu likiteremka Mang'ola kupakia vitunguu, nikapanda. Tulipopita madukani nikatafuta kwa macho kibanda cha shangazi yangu, aliyetoka Moshi akaja kufungua stesheneri. Pale sasa wanauza makava ya simu. Njia nzima nimeiwaza printa yake.

Ilikuwa ya wino wa maji, ya mtumba kutoka Arusha, plastiki yake imegeuka njano kwa uzee. Nilikuwa mdogo, na niliipenda kuliko redio. Shangazi aliifunika kwa kitenge, maana vumbi jekundu la kwetu halibishi hodi. Kila asubuhi, chai ya tangawizi ikichemka uani, alichapisha nayo mstari mmoja wa kila rangi ili vitundu vya wino visizibe.

"Hii ni kama ng'ombe wa maziwa," alisema. "Usipomkamua, anaumwa."

Mistari ile tulipewa sisi watoto, tukaibandika kwenye ukuta wa jikoni mpaka moshi ukaila.

Wakati mmoja umeme ulikatika kwa siku nyingi. Uliporudi tu, akaingia mkulima wa Mang'ola na picha ndogo ya mama yake. Mama huyo alikuwa anazikwa kesho yake, na picha nyingine hawakuwa nayo. Alitaka ikuzwe, itangulie mbele ya jeneza. Nje lilimngoja lori pekee lililokuwa linateremka siku hiyo.

Karatasi ilipotoka, bibi wa pichani alikuwa wa kijani. Rangi nyekundu ilikuwa imekauka ndani.

Mkulima akaitazama. "Dada, huyu si mama. Huyu ni mgonjwa."

"Kaa, kaka, unywe chai."

"Lori litaniacha."

"Halikuachi. Kunywa, na mashine nayo inywe."

Shangazi akachomoa katriji, kile kikasha cha wino. Akakunja kipande cha fulana kuukuu kwenye sahani, akakilowesha kwa maji ya uvuguvugu, akaisimamisha katriji juu yake, vitundu vikitazama chini. Njano ikatoka. Bluu ikatoka. Nyekundu, kimya. Hakuisugua wala hakuibonyeza. Alibadilisha maji, akaketi, vidole vyake vina madoa kama vya mtu aliyetoka kula zambarau.

Dereva akachungulia mlangoni. "Mama, vitunguu vinanisubiri huko."

"Vitunguu havina miguu, baba. Ingia, kikombe chako hiki."

Akaingia. Sasa wote tukawa tunakitazama kitambaa kama watu wanaochunga maziwa yasifurike. Hatimaye doa la waridi likajitokeza, likakolea, likawa jekundu kabisa. Shangazi akaipangusa katriji, akairudisha mahali pake. Printa ikakoroma, ikaanza kumtoa bibi polepole: kilemba, paji la uso, halafu mashavu ya kahawia yenye uhai, kama ametoka kuota moto.

"Ndiye," mkulima alisema. Akainamia karatasi, macho yamejaa.

Shangazi akamvuta bega taratibu. "Usimlilie kwa juu, kaka. Wino huu unaogopa maji. Mwache akauke kwanza."

Mkulima akageukia ukuta, akalia huko. Dereva alivua kofia, akawa anaipepea ile picha, na habari ya vitunguu hakuitaja tena.

Nimefika Mang'ola jioni, mahali ambapo sikuwahi kulala, nikapata chumba kwenye nyumba ya wageni. Nilipomsimulia kijana wa mapokezi habari hii, akacheka, akatoa simu kunionyesha picha za marehemu babu yake. Anazo nyingi, na zina rangi zote. Alizipitisha kwa kidole upesi mno, uso mmoja ukifuta mwingine. Nikamwomba arudi kwenye mojawapo, tumtazame mzee kidogo.