Ukuta wa Kugongwa Mara Tatu

Sagrario Ballesteros alikuwa ametembeza watalii mjini Toledo, Hispania, kwa miaka kumi na minane, na mwavuli wake wa njano ulijulikana kuliko sura yake. Saa nne asubuhi aliuinua uwanjani Zocodover, wageni wakamfuata kama vifaranga: sinagogi la kale, daraja la mto Tajo, kisha kupanda tena vichochoro kuelekea Kanisa Kuu.

Ile njia ya kutoka darajani ni mlima mtupu, haina cha kutazama. Hapo ndipo watu walipoanza kununa. Basi, mwaka wake wa tatu kazini, siku ya mvua, Sagrario aliona dirisha la juu lililozibwa kwa matofali kwenye nyumba moja kuukuu, ulimi ukamtangulia.

"Humu baba mmoja katili alimzibia binti yake dirisha, asimwone mpenzi wake askari. Ukigonga ukuta mara tatu, yule binti anakutafutia mchumba."

Watu wakacheka, wakagonga, wakasahau magoti yao. Na hadithi za mji ule hazina mwenyewe. Kila mwongoza watalii huokota kwa mwenzake. Mwaka haukuisha, wote wakawa wanagongesha.

Jumanne moja ya Oktoba, mwaka wake wa kumi na nane, watu wakiwa katikati ya kugonga, mlango wa nyumba ile ulifunguka. Akatoka mwanamke mwenye aproni, mikono ina unga.

"Wewe ndiye wa mwavuli wa njano?"

"Ndiye mimi, dada."

"Ukimaliza na watu wako, pita. Shangazi yangu anataka kukuona."

Sagrario alijua anaitiwa matusi, na njia nzima alijipangia majibu. Alichokikuta ni kikombe cha kahawa na kisahani cha vitamu vya lozi vinavyotengenezwa na watawa. Kitandani, kichwa kikikaribia kugusa ukuta wa upande wa kichochoroni, alilala Bibi Leocadia, umri miaka tisini na mmoja, macho yameingia ukungu.

"Kula, binti yangu. Mpwa wangu Nieves amekununulia wewe hivyo."

"Asante, bibi."

"Una sauti nzuri. Naisikia kila siku. Yule baba unayemsema alikuwa baba yangu."

Sagrario alikirudisha kitamu kisahanini.

"Hakumfungia mtu. Mdogo wangu Fermín alianguka kutoka dirisha hilo la juu, akitazama maandamano ya kanisa ya Ekaristi yakipita chini. Alikuwa na miaka minne. Baba alikuwa mwashi. Tulipotoka kumzika aliliziba mwenyewe, na suti yake ile ile ya kanisani."

"Bibi, sikujua. Niliitunga tu."

"Najua uliitunga. Hadithi tamu, hata mimi ningegonga." Bibi alicheka kidogo, kisha akapapasa shuka. "Ila mwanzoni, mwanangu, nikisikia hodi nilikuwa nakwenda kufungua. Nyonga hii ilivunjika hapo ngazini, ndipo nikahamishiwa kulala huku chini."

"Na sasa hapati usingizi hata wa paka!" Nieves alisema kutoka jikoni. "Paka mwenyewe ameshahama!"

Wakacheka wote wawili, shangazi na mpwa wake. Laiti wangemtukana.

Kesho yake Sagrario alipofika pale na wageni wake, alimkuta Evaristo, mwongoza watalii mwenzake, ameshawapanga wake ukutani.

"Evaristo, acha. Hadithi ile niliitunga mimi. Humo ndani kuna mgonjwa."

"Hadithi zote za mji huu zilitungwa na mtu, mama. Tena yako nimeitengeneza, yule askari nimempa farasi!"

Sagrario akawageukia watu. Akawaeleza habari za Fermín, za suti ya kanisani, za nyonga. Wengine walitikisa vichwa. Wengine walitabasamu, wakidhani ni hadithi nyingine. Mama mmoja kutoka mji wa Burgos akasogea, ngumi tayari.

"Mimi nitagonga polepole tu, dada. Binti yangu ana miaka thelathini na tisa."

Sagrario akafunga mwavuli, akaegemeza mgongo ukutani, akajipiga begani.

"Gonga hapa."

Yule mama akasita, kisha akagonga. Moja, mbili, tatu.

"Haya, foleni!" Evaristo aliangua kicheko. "Mtakatifu wa ukutani huyo!"

Tangu siku hiyo, kila akimaliza kazi Sagrario hurudi kusimama pale, wamgonge yeye badala ya ukuta, mpaka kundi la mwisho lipite. Koti lake lina doa la chokaa mgongoni lisilotoka. Nieves humletea kahawa nje, humwambia aingie. Yeye husema leo amechelewa.

Alasiri moja alimsikia bibi akiuliza, "Yule mwenye sauti nzuri, mbona haji tena?"

"Yupo, shangazi. Yupo hapo nyuma ya kichwa chako."

Maneno yalipita kana kwamba hapakuwa na ukuta. Kwa hiyo ndivyo bibi alivyomsikia yeye, miaka yote ile. Sagrario alitazama mlango, hatua tatu tu kutoka aliposimama, na hakuthubutu kupiga hodi.