Baba Aliponisindikiza Kujiandikisha

Nakumbuka siku moja ya kujiandikisha, mwanangu, na kila nikiikumbuka namshukuru Mungu kwa baba aliyenipa. Jana uliniambia huna haja ya kadi ya mpiga kura, eti foleni ni ndefu na jua ni kali. Sikukugombeza. Kaa hapa nikusimulie, halafu utaamua mwenyewe.

Ilikuwa miaka ile ya ruksa, kila mtu alipoachiwa kufanya biashara. Maduka ya ushirika yalikuwa yamebaki na rafu tupu, na sisi vijana tulijaa sokoni Mfaranyaki tukiuza mitumba, kila mmoja akijiona tajiri. Vyama vingi navyo vikaruhusiwa, bendera ngeni zikapanda juu ya mapaa, tukaambiwa safari hii tutachagua kwelikweli. Mimi nilikuwa nimetimiza umri na sijawahi kupiga kura hata ya kumchagua kiranja. Nilitaka jina langu liwemo daftarini kuliko nilivyotaka mume, na mume nilimtaka sana, usicheke.

Babu yako Bakari akasema atanisindikiza. Yeye, kama unavyojua, alikuwa Myao wa ng'ambo ya mto Ruvuma, upande wa Msumbiji. Alivuka wakati wa vita vyao vya ukombozi, akafika Songea na bunda la nguo tu. Akapewa mahali pa kulima, akamwoa mama yangu, Mngoni wa Lizaboni, mtaa wa hapa mjini, nami nikazaliwa hapahapa. Vita vilipoisha wenzake wengi walirudi kwao. Yeye akabaki, ila uraia hakuwahi kuomba. Alikuwa na kibali cha kuishi, na hakutoka nyumbani bila kibali hicho mfukoni.

Tulikwenda siku ya mwisho, maana biashara ilinishika. Kwenye foleni tukamkuta Mzee Mgaya, fundi baiskeli, Mhehe. Wahehe na sisi Wangoni ni watani tangu zamani za vita vyetu. Mhehe anaweza kukutukana msibani mbele ya maiti, nawe ukamwongeza ugali. Nilimwamkia shikamoo; badala ya kuitikia, akaninyooshea kidole na kupaza sauti hadi ndani ya kituo.

"Karani! Angalia huyo mkimbizi! Kaja kuiba kura zetu! Mrudisheni Msumbiji akachague huko!"

Foleni nzima ikacheka. Nami nilicheka, nikamwambia Mhehe gani anajua kusoma hadi apige kura. Aliyekuwa hacheki ni karani. Alikuwa kijana mgeni mjini, na maelekezo yake yalimtaka asiandike mtu aliyepingwa bila kuhakikisha. Zamu yangu ilipofika akaweka kalamu chini.

"Dada, umepingwa. Baba yako ni mwenyeji wa wapi?"

Mzee Mgaya akashtuka. "Aa, bwana mdogo, huyu mtani wangu! Namtania tu."

"Mzee, mimi utani wenu siujui. Nauliza baba yake ni wa wapi."

Jua lilikuwa linaelekea kushuka. Nikikosa siku ile, nimekosa uchaguzi wote, na ndio ulikuwa wa kwanza wa aina yake machoni petu. Mzee Mgaya, kwa kutaka kuzima moto aliouwasha, akajibu harakaharaka: "Wa Tunduru." Watu nyuma yetu wakaitikia, "Ndiyo, wa Tunduru huyo." Na nani angebisha? Wayao wa Tunduru, upande wetu wa mto, na wa ng'ambo lugha yao ni moja. Nikamkazia baba macho, nikimwomba moyoni akubali tu, yaishe.

Baba akasogea mezani.

"Ndugu zangu wananitetea, nawashukuru," alisema. "Lakini mimi si wa Tunduru. Nimetoka ng'ambo, na kibali changu hiki hapa. Mgeni ni mimi. Mama yake ni wa hapa, naye kazaliwa hapa baada ya Uhuru. Mwandike yeye."

Nikamnong'oneza, "Baba, umenimaliza."

Karani akamwita mkubwa wake. Wakasoma kibali, wakaniuliza nilikosoma, wakamgeukia Mzee Mgaya. Hapo ndipo nilipomsikia mzee yule akisema bila mzaha. Akavua kofia. "Kitovu chake kimezikwa Lizaboni," alisema. "Na babu yake mzaa mama nimemchimbia kaburi kwa mikono hii, maana ndiyo kazi ya mtani. Huyu ni mtoto wa hapa."

Nikaandikwa.

"Mzee, wewe siwezi kukuandika," karani alimwambia baba.

"Najua, mwanangu. Nimemsindikiza tu."

Karani akamrudishia kibali kwa mikono miwili. "Mimi ndiye wa Tunduru, mzee," alisema taratibu. "Nilikuwa nimeshaandaa swali la kukuuliza kijiji chako huko. Nanyi mngenidanganya, nisingeamini tena neno lenu hata moja, na binti angerudi nyumbani bila kuandikwa."

Njiani nilimwomba baba radhi. Akaniambia, "Mama, nchi hii ilinipokea sina kitu. Leo imeniuliza swali moja tu. Nitaijibu kwa uongo?" Nililia pale barabarani, kwa shukrani, na sikujali nani ananiona. Mzee Mgaya naye alitutumia jogoo kwa kuvuka mpaka wa utani, na sote tulimla pamoja naye.

Sasa mwanangu, nasaha yangu ni hii. Wewe ni raia na umri unao. Nenda mapema, usingoje siku ya mwisho kama mimi, na uchukue cheti chako cha kuzaliwa. Ukiwa na rafiki mgeni anayeishi kwetu, mheshimu, lakini usimsukume aandikwe kwa ujanja. Akitaka kura, aombe uraia, njia ipo. Na mbele ya karani sema kweli, hata kama uongo umeshaandaliwa na watu wanaokupenda.

Mungu akuongoze, akupe ulimi usioogopa kweli. Siku ya kupiga kura baba alinisindikiza tena, akaishia kwenye kamba, pale wasiopiga kura wanapoishia. Nilipotoka alikishika kidole changu chenye wino, akakitazama kwa muda mrefu. "Usiniambie umempa nani," alisema. "Niambie tu kama walikupokea vizuri."

Nenda, mwanangu, upokewe vizuri.