Tai Aliyekataa Kumpeleka Kaisari Mbinguni

Kaisari wetu yule mzee alitawala vibaya, lakini kufa alikufa vibaya zaidi: alichelewa. Kuchelewa huko ndiko kulikomponza Trofimo, jirani yetu wa Subura, mtaa wa makabwela hapa Roma.

Trofimo alizaliwa Frigia. Mfanyabiashara mmoja alikwenda huko kununua mabata bukini, akapewa mtoto kama nyongeza. Mabata waliliwa, mtoto akabaki, akawekwa jikoni kwa Kaisari kulisha tausi na ndege wengine wa mezani. Kila alichokilisha kiliishia kwenye sahani, kwa hiyo alijifunza mapema kutowapa ndege majina. Hiyo ndiyo elimu aliyopata, na laiti angeishika.

Mkewe, Melite, alikuwa mwanamke huru aliyeuza dengu za moto kwenye ngazi za mtaani kwetu. Nasema mkewe, ingawa sheria haikusema hivyo, maana mtumwa haoi. Mtumwa hukutwa tu nyumbani kwa mtu. Melite alikuwa na hofu moja iliyomnyima usingizi: mumewe akifa mtumwa, watamtupa shimoni nje ya lango la Eskwilini, pamoja na punda na mbwa. Alitaka Trofimo awe huru. Akishindwa kuishi huru, basi angalau azikwe huru.

Mlango wa uhuru huo ukafunguliwa na kikohozi.

Ilikuwa majira ya kuvuna zabibu, Kaisari akakohoa. Laberio, mwangalizi wa ndege na wanyama wa ikulu, hakusubiri. Kwetu Kaisari hazikwi hivihivi. Hujengewa mnara wa kuni mrefu kama ghorofa la wapangaji, na juu kabisa huwekwa tai ndani ya tundu. Moto ukishika, mtunzaji huvuta kamba, tundu hufunguka, tai hupaa na roho ya marehemu mpaka kwa miungu. Tai akipaa tumepata mungu mpya, mwenye hekalu na makuhani wanaokula vizuri. Asipopaa, tumemchoma mzee tu.

Desturi ni kumnasa tai mlimani siku Kaisari anapokata roho, ili aje na hasira zake zote. Laberio, kwa bidii ya mtu anayetaka cheo, alimnasa mapema. Akamkabidhi Trofimo.

"Tai huyu akipaa vizuri," alimwambia, "siku hiyohiyo unavaa kofia." Alimaanisha ile kofia ya sufu anayovishwa mtumwa akiachwa huru. "Akifa kabla ya Kaisari, utapanda wewe juu ya kuni."

"Na nitapaa, bwana?"

"Utapaa. Kwa namna ya moshi."

Basi Kaisari akapona. Akala mikunga, wale samaki wa matajiri, akaoa, akaua wakwe. Baridi ikaja, ikapita. Na tai yule, jike kubwa lenye macho ya kudai, ilibidi ale kila siku. Trofimo alimletea maini ya kondoo kutoka kwa Gavio, muuza soseji, rafiki yake wa kunywa naye mvinyo mbaya. Kila akifika na nyama alipiga mluzi. Mwanzoni tai alimrarua mkono. Baadaye akawa anamsubiri. Majani yalipochipua alikuwa anakula mkononi, na kumfuata uani kama mjane anayemfuata wakili. Tena Trofimo akampa jina: Mama Mkwe, kwa sababu alimtazama kila anachofanya na hakuridhika na chochote.

Melite alikwenda siku moja kuwaona, akarudi kwenye sufuria yake. Wakati anakoroga dengu akasema, "Mume wangu, yule ndege anakupenda."

"Amenizoea tu."

"Siku ya moto atapaa kweli?"

"Tai ni tai, Melite. Ukimfungulia, anakwenda juu."

"Na mume ni mume, ukimfungulia anakwenda kwa wanawake. Lakini mbona wewe kila ukisikia sufuria unarudi?"

Trofimo alicheka, akala. Kicheko kilikuwa kifupi, sote tuliokaa kwenye ngazi tulikisikia kikikatika.

Hatimaye Kaisari akafa, akiwa amechosha kila mtu, hata warithi wake. Kwa desturi wakamchonga mwingine wa nta, wakamlaza kitandani mbele ya ikulu, na siku kadhaa waganga wakawa wanakuja kumpima yule wa nta, wanatikisa vichwa na kutangaza kwamba mgonjwa anazidi. Wakuu wa Baraza walikaa kando yake wakilia. Kulikuwa na mtumwa maalumu wa kumfukuzia nzi.

Siku hizohizo, huku nta ikiuguzwa, kiumbe hai kilikuwa kinashindishwa njaa. Trofimo alikuwa amepata mbinu: amtese Mama Mkwe mpaka amchukie, ili tundu likifunguka akimbilie mbali na uso wake. Hakuthubutu kumweleza Laberio. Nani anamwambia mwangalizi kwamba mbeba roho wa Kaisari anakula mkononi kama kuku?

Gavio alimwita alipopita bila kununua. "Ndugu yangu, maini hutaki leo?"

"Nataka anichukie."

"Kama ni kuchukiwa tu, mpe soseji zangu."

"Sitanii, Gavio. Nimempiga fimbo tunduni. Nimemtukana. Ananitazama tu na kufungua mdomo."

"Basi mtangazie kodi mpya," Gavio akasema. Tukacheka sote. Trofimo peke yake hakucheka. Alikuwa na mikwaruzo mipya mkononi, na safari hii alikuwa amejikwaruza mwenyewe kwenye waya za tundu, akijizuia asiingize nyama.

Siku ya moto Roma nzima ilimwagika uwanjani. Kaisari mpya, kijana ambaye ndevu zake zilikuwa bado zinafikiria kama zitoke, alishika mwenge akaugusa kwenye kuni. Trofimo alisimama chini na kamba yake, amejifunika joho mpaka puani ili ndege asimtambue. Melite alikuwa pamoja nasi, ameshika mkono wa mke wa Gavio. Moto ukapanda. Trofimo akavuta.

Mama Mkwe akatoka katika moshi, mabawa wazi, akapanda juu kabisa. Watu wakapiga mayowe, "Anapaa! Anapaa!" Mjumbe mmoja wa Baraza, aliyekuwa amekwisha pangwa kula kiapo kwamba ameiona roho kwa macho yake, alikwisha inua mkono. Melite aliachia pumzi.

Tai akageuka. Akazunguka mara moja kwa utulivu, kama mtu anayetafuta mlango wa nyumba yao. Kisha akashuka mbele ya majeshi na makuhani, manyoya ya mkia yakifuka moshi, akatua juu ya mkono wa Trofimo, akafungua mdomo. Alikuwa na njaa.

Sasa, kwetu mtoto mdogo anajua: tai akimtulia mtu hadharani, mtu huyo atatawala. Wako Makaisari wanaojivunia ndege kuliko ushindi. Uwanja ukawa kimya, unasikia kuni zinavyopasuka. Na katika kimya hicho sauti ya Gavio, iliyolowa mvinyo, ikapaa vizuri kuliko tai:

"Salamu, Kaisari Trofimo! Tupunguzie bei ya dengu!"

Maelfu ya watu walicheka. Kaisari mpya hakucheka.

Tatizo lililowakabili wataalamu wa sheria asubuhi yake lilikuwa la aibu. Kumtundika Trofimo msalabani kama mtumwa ilikuwa rahisi, lakini mtumwa ni kitu, na Kaisari anayetishwa na kitu anachekesha. Ili awe mhaini ilipasa awe mtu. Basi wakamfanya mtu. Laberio mwenyewe, akiwa ameponea chupuchupu, alimvisha kofia ya sufu mbele ya hakimu. Trofimo, wanasema, aliigusa kofia akauliza, "Naweza kumpelekea mke wangu habari?" Wakamwambia habari itamfikia. Kabla ya chakula cha mchana walikwisha mkata kichwa kwa upanga, heshima ya watu huru.

Yule mjumbe wa Baraza aliapa hata hivyo. Aliiona roho ikienda mbinguni, na ndege aliyeshuka alikuwa mwingine, wa kupita njia. Hekalu linajengwa. Mama Mkwe hawakuthubutu kumuua kwa kuwa ni ndege wa mungu Jupita, wakamwachia aende zake. Hakwenda. Alikaa juu ya paa la ua wa jikoni akisubiri mluzi, akikataa kila kilichotupwa, mpaka wapishi walipomkuta chini.

Melite alipewa mwili, kwa kuwa mtu huru ana haki ya kuzikwa na watu wake. Kichwa kilirudi kikiwa na kofia. Hakuivua.

Gavio alikuja na kuanguka mlangoni. "Shemeji, nilikuwa natania. Naapa kwa miungu yote, nilikuwa natania tu."

"Najua," Melite akasema. "Simama, unaziba njia ya wachukuzi."

Mchonga mawe alipoandika jina aliuliza, kama ilivyo kawaida, marehemu aliishi huru kwa muda gani, apate kuuchonga chini.

"Andika huru tu," Melite akasema. "Yule wa hekaluni, nani anamuuliza amekuwa mungu kwa muda gani?"