Farasi Jike Mwenye Kengele

Theluji ilipoanza kushuka bondeni kwetu, shangazi yangu Zunilda Pailahueque hakujipikia chochote kabla hajafungua kopo la mafuta ya kondoo. Alichota kwa kidole akapaka undu wa kila kuku, ile nyama nyekundu ya utosini, maana undu usiopakwa huganda, ukawa mweusi, ukakatika. Kuku wake wa mayai ya buluu walilala jikoni kando ya moto, wakatunyea viatu. Aliyelalamika aliambiwa akalale yeye bandani.

Mwaka ule theluji iliwahi, ikawakuta farasi wake sita bado kwenye malisho ya juu. Kosa lilikuwa la shemeji yake, Baldovino. Kwetu farasi hawamfuati mtu. Humfuata jike mkongwe aliyefungwa kengele shingoni. Akishuka yeye, wote hushuka. Baldovino alikuwa amemshusha jike huyo, Majivu, peke yake ili avute magogo ya kuni, akidhani baridi iko mbali. Waliobaki juu hawakuwa na wa kumfuata, na farasi hao ndio waliokuwa mali yote ya shangazi.

Baldovino alitaka kusawazisha mambo. Alimvua Majivu kengele, akapanda nayo mlimani kwa miguu, akaitikisa huko juu mpaka mkono ukafa ganzi. Alirudi peke yake, masharubu yamekuwa barafu.

"Wamenitazama tu, shemeji. Wamesimama duara, wanatafunana mikia kwa njaa."

"Sasa wakufuate kwa lipi? Wamekutazama nyuma wakaona hata mkia huna."

Tulicheka. Shangazi mwenyewe hakucheka.

"Kesho nampandisha Majivu."

"Theluji itamganda chini ya kwato iwe kama mawe, avunjike mguu. Subiri jua litoke, shemeji."

"Jua likitoka, theluji ya juu itayeyuka, kisha usiku igande ngumu kama sakafu. Watakwangua mpaka watoke damu na jani wasilione. Kunywa supu yako, Baldovino."

Asubuhi alifungua kopo. Mafuta yalikuwa yamebaki kidogo sana. Aliwatazama kuku, akazitazama kwato nne za Majivu.

"Mtanisamehe, akina mama," aliwaambia kuku.

Akakomba yote. Aliinua mguu mmoja baada ya mwingine, akashindilia mafuta kwenye nyayo ili theluji isipate pa kushika. Kisha akamrudishia kengele shingoni, akanigeukia. "Wewe moto usizimike. Na kuku hata mmoja asivuke mlango huu."

Mlima wote ulionekana kutoka mlangoni. Majivu alitangulia, akiisukuma theluji kwa kifua; shangazi alimfuata ameshika mkia wake, na Baldovino nyuma na koleo. Walipanda, wakasimama, wakapanda tena. Kuna mara Majivu alizama mpaka shingoni, kisha nikaona koleo likifanya kazi. Halafu wakapotea nyuma ya ukingo, na kengele nayo ikanyamaza.

Nililisha moto. Jogoo alinishambulia mguu kwa sababu nilimziba njia.

Mchana ukiwa umeshaanza kufifia, kengele ikasikika tena, polepole, kwa mwendo wa mnyama anayetembea. Majivu alitokea kwanza. Nyuma yake, ndani ya njia ileile aliyoichimba kwa kifua, walitokea farasi wamekonda, wameshika mstari kama wanafunzi. Nilihesabu kwa sauti mpaka sita, nikarudia kuhesabu.

Njia fupi ya kufika zizini hupita nyuma ya nyumba yetu. Walipofika njia panda, shangazi alishika hatamu ya Majivu akamgeuza upande wa pili, kwenye barabara inayopita mbele ya milango ya majirani wote.

"Shemeji!" Baldovino aliita kutoka nyuma, anahema. "Nyumbani ni huku!"

"Nyumbani kwangu napajua. Tembea."

Milango ikafunguka mmoja mmoja. Shangazi hakumtazama mtu. Alikwenda taratibu, kichwa juu, kengele ikilia mpaka nyumba ya mwisho.