Mama Kwenye Keria

Mama hakunifundisha kuendesha baiskeli; hiyo nilijifunza mwenyewe kwa kuanguka. Alinifundisha kupiga pedeli, na kwake hayo yalikuwa mambo mawili tofauti. Siku za soko tulikuwa Lyulilo, ufukweni, tangu asubuhi, mitumbwi ya Ikombe ikishusha vyungu. Tulivifunga kwenye keria kwa majani makavu ya mgomba, tukaenda kuviuza Bondeni, kila mtu na baiskeli yake. Mimi nilikuwa na haraka, na hasira za karibu. Nilikanyaga kwa nguvu, mguu huu, kisha huu, baiskeli ikiruka na kusita, vyungu vikigongana.

"Unatwanga," aliniambia. "Zungusha."

Alitaka mguu usilale ukifika chini, bali uvute nyuma kidogo na kupanda, wa pili ukipokea kabla mwendo haujakatika. Kipimo chake kilikuwa sikio: vyungu vikinyamaza, miguu iko sawa. Nilivunja vingi kabla sijaweza, na nilinuna kila alipocheka.

Mwaka jana uvimbe ulimjaa tumboni. Siku ya kwenda hospitali nikataka kuita bodaboda, akakataa katakata. Alisema itamtikisa, anataka miguu aliyoifundisha mwenyewe. Nikatandika majani ya mgomba kwenye keria, nikayafunika kwa blanketi. Akakaa, akanishika kiuno.

Nilianza vizuri. Kisha nikaogopa tutamkosa daktari, nikaongeza mwendo. Nilisikiliza nyuma yangu kama nilivyozoea. Kimya. Nikajiambia miguu iko sawa, nikazidi kukaza. Nakiri, nilijisikia fahari.

Tulipofika, muuguzi alimsaidia kushuka. Pindo la khanga lilikuwa mdomoni mwa Mama. Alipolitoa niliona limelowa, limetoboka pale alipokuwa akiling'ata njia nzima ili nisimsikie.

"Ndaga, mwanangu," alinishukuru. "Leo hukutwanga."

Hakurudi nyumbani. Wenzangu husema ugonjwa ulikuwa umeshamaliza kazi yake, nami najua wanasema kweli, lakini bado naumia.

Vyungu naendelea kuvifuata Lyulilo. Siku hizi havigongani kabisa. Ndiyo maana kila baada ya mwendo mfupi nasimama, nashuka, nageuka kuvitazama.